Jiwe Lililopaa kutoka Matema

Kikohozi ndicho kilichoanza. Evodia alikuwa sebuleni kwa Mama Veronika, mwenye nyumba wao, akisikiliza spika iliyopokea sauti kutoka kwenye puto walilorusha mchana ule yeye na mumewe Leonce, likapime umeme unaorukia angani juu ya mawingu ya radi. Leonce alikuwa ziwani kwa mtumbwi, akisubiri kisanduku cha vipimo kilichoning'inia chini ya puto kianguke. Kilomita thelathini juu, ambako hata ndege haifiki, mtu akakohoa mara mbili.

"Mitambo hii bwana!" Evodia akasema, akiongeza sauti ya spika.

Mama Veronika, aliyekuwa akianua mpunga, akaingia kusikiliza. Uso ukamsawijika.

"Huyo ni Eliud wangu," akanong'ona. Mumewe alizikwa mwaka juzi, hapo hapo nyumbani kwenye migomba. "Mwanangu, mmemfanya nini?"

Lo! Evodia akakumbuka. Asubuhi kisanduku kilikuwa chepesi mno, kikiyumbishwa na upepo, Leonce akaokota jiwe migombani, akalifunga chini yake. Wageni wale! Msalaba ulikwisha kuliwa na mchwa, wakaona mawe tu.

"Lilikuwa la kichwani mwa kaburi lake," Mama Veronika akasema. "Lirudishwe leo hii."

Puto likapasuka. Namba za kimo cha kisanduku kwenye kompyuta zikashuka mpaka ziwani, Evodia akampigia Leonce, simu ikaita bila kupokewa, radi ikapasua upande wa milimani, harufu ya tumbaku na udongo mbichi ikajaa sebuleni ingawa hakuna aliyewasha kitu, na zile namba, zilizokwisha kufika majini, zikaanza kupanda tena, taratibu, hakuna puto wala upepo wa kuzipandisha.

"Mungu wangu, Leonce," akanong'ona.

Jioni Leonce akatokea uani, amelowa chapachapa, jiwe mkononi. Evodia akamkimbilia akilia kwa furaha. Mume wake yu mzima! Leonce akampita kama hamwoni, akaenda moja kwa moja migombani, akaliweka jiwe upande wa kichwani, mahali ambapo hakuna aliyemwonyesha. Akakohoa mara mbili.

"Ugonile, Veronika," akasalimu, yeye Mhaya asiyejua hata neno moja la Kinyakyusa.

Mama Veronika akapiga magoti, akaitikia.

Ndani, spika ikakwaruza. Namba zilisimama kwenye kilomita thelathini.

"Evodia," sauti ya Leonce ikalia, "mke wangu, nishushe. Huku kuna baridi."