Kisanduku cha Jina

Haya yalimpata rafiki yangu, mwalimu wa hesabu, mtu asiyeweza kuona kitu kizima akakiacha. Utotoni alifungua redio, saa, mpaka pasi ya jirani. Marehemu mama yake, na yeye peke yake, alikuwa akimwita Kidole.

Safari hii aliitia mkono laptop yake mpya, akajaribu kuweka mfumo wa pili wa kuiendesha pembeni ya ule uliokuja nayo. Ikagoma kuwaka kabisa. Siku tatu alihangaika nayo, huku alama za mtihani za darasa zima zimo humo humo. Mwishowe akampigia fundi.

"Rudisha mfumo wa kiwandani," fundi akamwambia. "Itafuta kila kitu, iwe kama ulivyoitoa kwenye boksi."

"Na alama za wanafunzi?"

"Zisahau, mwalimu."

Akasonya, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi tii. Feni ya mashine ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena, saa nzima. Ndipo kikatokea kisanduku cheupe kitupu: Weka jina lako. Akampigia tena fundi, simu akaiweka mezani kwenye spika.

"Liandike, kisha bonyeza endelea."

"Ngoja kwanza nifute jasho mikononi."

"Unangoja nini, na mimi nasikia unachapa?"

Mwalimu akainamisha macho. Vitufe vilikuwa vikishuka kimoja kimoja, taratibu, tak, tak, na mikono yake yote miwili imo kwenye taulo. Kisandukuni palikuwa pameandikwa: Kidole, acha.