Fremu Iliyotazama Ukuta

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Fundi Redio alifua, akaanika, akanywa chai yake ya pili, kisha akakaa kwenye meza ya kazi na fremu ya picha iliyokuwa ya marehemu mama yake. Majirani walimpa jina la Fundi Redio tangu alipokuwa msichana wa kufungua kila chombo kinachokoroma, na jina likamganda, ingawa siku hizi hakuna anayemletea redio.

Fremu aliitengeneza kwa mikono yake, mama akiwa bado hai. Kioo alikitoa kwenye laptopu iliyokufa, mbao akazipiga randa mwenyewe, na kwa nyuma akafunga kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoenea kiganjani. Haikuwa na kamera. Kazi yake ilikuwa kuwaka saa moja asubuhi, kuonyesha picha moja kila baada ya sekunde ishirini, na kuzima saa tatu usiku. Aliipakia picha mia mbili na kumi na nne, zake na za wanawe wawili walioko shule ya bweni, akaenda kuitundika mbele ya kitanda cha mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemgomea.

"Sasa utaniona kila siku," alimwambia.

Mama alicheka. Fundi alipomsogezea fremu, aliigusa kwa kidole gumba chenye ukucha uliopasuka katikati, ukumbusho wa sindano ya cherehani. "Kifungo wangu," akasema. Jina hilo lilikuwa la wawili hao tu, tangu Fundi, akiwa mtoto, alipomeza kifungo cha shati la mteja na mama akalazimika kushona kingine kwa aibu.

Fundi alirudi kwake, mama akabaki mikononi mwa mdogo wake Fundi. Miezi miwili baadaye, mdogo mtu akapiga simu.

"Dada, usije. Mama amekupa mgongo. Anasema chombo chako ni uchawi, kinamnyonya pumzi. Hataki kukuona wala kusikia sauti yako."

Fundi alikuwa tayari amepanga nguo begini kwenda kumwona mama. Maneno yale yalimchoma, akakata simu. "Kama hanitaki, basi," alijisemea, akazitoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. Siku ya tisa akapigiwa tena simu. Mama amefariki.

Baada ya maziko mdogo wake alimkabidhi ile fremu ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Hakuitazama wakati anaitoa. Fundi aliiweka juu ya kabati, na kwa wiki sita hakuwa na moyo wa kuifungua.

Sasa, Jumamosi ile, aliichomeka kwenye umeme, akaunganisha kibodi, akaanza mipangilio upya. Sekunde ishirini akazifanya thelathini. Saa ya kuzima akaisogeza mbele. Mwisho akaiamuru ihesabu picha zilizomo.

Mia mbili na ishirini na tatu.

Fundi akacheka peke yake. Akahesabu tena. Jibu lilikuwa lilelile. Picha tisa hazikuwa zake.

Alifungua ya kwanza: weupe mtupu, uliofifia. Ya pili, weupe. Ya tatu, weupe. Kadi inayohifadhi picha inaoza, aliwaza. Akazifuta zote tisa, akahesabu, zikawa mia mbili na kumi na nne. Akaizima fremu na kuiwasha.

Mia mbili na ishirini na tatu.

Safari hii aliisogelea ile ya kwanza, pua karibu na kioo. Haukuwa weupe mtupu. Ilikuwa chokaa. Na kwenye chokaa palikuwa na ufa mwembamba, unaoshuka na kugawanyika mara tatu kama mguu wa kuku. Ufa ule aliufahamu. Utotoni aliufuatisha kwa kidole mpaka usingizi ukamchukua. Ulikuwa ukutani kwa mama yake, chini kidogo ya msumari alioupigilia kwa ajili ya fremu hii.

Aliangalia tarehe. Picha ya kwanza ilikuwa ya siku aliyopigiwa simu. Ya pili, kesho yake. Moja kwa kila siku, siku nane, ufa uleule. Fremu ilikuwa imegeuzwa, ikatazama ukuta. Lakini haikuwa na kamera.

Akafungua ya tisa, ya siku ya msiba.

Mama. Karibu sana. Macho yanatafuta. Pembeni, kidole gumba chenye ukucha uliopasuka kimeshika mbao. Meno ya juu yamegusa mdomo wa chini, kama mtu aliyefika katikati ya neno. Fundi alilitamka lile neno polepole, na meno yake yakagusa mdomo palepale. *Kif...*

Alimpigia mdogo wake. Alisema neno moja tu: "Njoo."

Alasiri mdogo mtu alifika. Hakuketi.

"Nani aliigeuza fremu?" Fundi alinong'ona.

"Mimi."

"Na mama alinikataa lini?"

"Hakukukataa." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nilimwosha mimi, Dada. Nilimlisha mimi. Kila kijiko ananiambia, asante, Kifungo. Mchana kutwa macho yake kwenye kile kioo. Nilitaka anione na mimi. Siku chache tu."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza umekwenda wapi. Nikamwambia umempa mgongo."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na Fundi alikuwa akilisema hilo kwa watu wengine. Hakujua linauma hivi. Aliigeuza fremu, akamwonyesha ile picha ya tisa.

Mdogo wake alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Sikuirudisha mimi," alinong'ona. "Msumari uko juu, Dada. Mama hakuweza hata kujigeuza. Asubuhi ile ya msiba nilimkuta vilevile nilivyomlaza, shuka mpaka kifuani. Lakini fremu ilikuwa inamtazama."

"Toka."

"Dada, nisamehe..."

"Toka! Usikanyage hapa tena."

Mdogo mtu alifungua mlango. Kabla ya kutoka aligeuka. "Lakini na wewe uliniamini. Siku tisa. Na kwa basi ni mwendo wa saa moja na nusu."

Fundi alifunga mlango kwa ufunguo. Alilia, kisha akapangusa uso, akaitundika fremu kwenye ukuta wake wa kijani, mkabala na kiti anachokalia. "Sasa tutatazamana, mama," alisema. "Tumesalitiwa sote wawili."

Akatoka kwa mlango wa uani kuanua nguo. Hakuchukua hata dakika tano.

Aliporudi, fremu ilikuwa imegeuka.

Waya umejipinda. Kioo kimeelekea ukutani. Mlango wa mbele bado una ufunguo wake. Fundi aliangusha nguo, akaishusha fremu, akahesabu.

Mia mbili na ishirini na nne.

Picha mpya ilikuwa ya kijani. Rangi ya ukuta wake. Unywele wa brashi ulionata siku alipopaka rangi ulionekana wazi. Na pembeni, kidole gumba chenye ukucha uliopasuka, kimeshika mbao kwa nguvu, ngozi imekuwa nyeupe kwa kubana.

Aliigeuza ikamtazama. Asubuhi aliikuta imetazama ukuta. Aliigeuza tena, na tena, wiki nzima, huku akiomba msamaha kwa sauti. Uongo wa mdogo wake ulikuwa umekuwa kweli: mama alikuwa amempa mgongo.

Majirani wanaoingia kwake huuliza kwa nini fremu imetundikwa kinyume. Huwajibu kwamba imeharibika. Mara ya mwisho alipothubutu kuhesabu, picha zilikuwa mia tatu na moja, na zote zilizoongezeka tangu siku ile ni za kijani.