Tope Mdomoni mwa Ngendo

Mwanamke mjamzito kula udongo si habari. Katika kijiji kile cha nje ya Gatitu walikula wote, wengine ule mwekundu wa kingo za barabara, wengine ule mweupe uliouzwa kwa vibonge sokoni Karatina. Kwa hiyo Theuri alipomwona mkewe, Ngendo, akitia mdomoni udongo wa mtoni, hakujali. Alishtuka siku alipogundua kwamba haumezi. Alikuwa akiutafuna taratibu mpaka ulainike kwa mate, kisha anautema kiganjani na kuupaka kwenye dirisha la chumba cha kulala.

"Baridi inaingia," Ngendo alisema alipoulizwa.

Ilikuwa Julai, ukungu haukuondoka hadi adhuhuri, na kweli baridi ilikuwa inaingia. Theuri akaenda zake. Wakati huo alikuwa na jambo lake la kuficha, na hakutaka maswali mengi nyumbani.

Jambo lenyewe ndilo hili. Mashamba yalipopimwa enzi za Mzungu, baba yake Theuri alikuwa kizuizini, na aliporudi alikuta kila kipande kina mwenyewe. Ilikuwa aibu ya kijiji kizima. Uhuru ulipokuja, wanakijiji wakakubaliana kwamba msitu mdogo uliobaki bondeni usikatwe tena, maana kila mti mkubwa ulipoanguka ndege walizidi kupungua. Wakamega ekari mbili pembeni mwa msitu, wakampa mzee yule na kizazi chake wakae hapo wawe walinzi. Sharti lilikuwa moja tu, mlinzi akiua ndege wa msitu ule, afungashe virago. Mzee alipokufa alizikwa palepale shambani, na Theuri akarithi ulinzi.

Ndege waliopendwa kuliko wote ni hondohondo, wale weusi wenye mdomo mkubwa uliobebeshwa mwingine juu yake. Walikuwa wamebaki wawili, mume na mke. Jike wa hondohondo akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, akajiziba humo kwa tope, akabakisha ufa mwembamba. Humo hulalia mayai, humo hunyonyoka manyoya mpaka hawezi hata kuruka, na kila anachokula huletewa na dume kupitia ule ufa. Watiri, mama mkali aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, alikuwa akiwapeleka wanaume wa kanisa kutazama, akiwauliza kama wao wangeweza hata kwa wiki moja.

Sasa, dume ana sauti ya punda aliyeudhika, na huanza kabla jua halijatoka. Ngendo alikuwa na mimba nzito, miguu imevimba, usingizi anaupata alfajiri tu. Asubuhi moja ndege akatua juu ya mabati na kuanza vituko vyake. Ngendo akaamka akilia. Theuri akatoka na hasira, akaokota jiwe, akarusha, wala hakutarajia kulenga. Dume akaanguka kwenye nyasi za ng'ombe, na matunda aliyokuwa akimpelekea mkewe yakamwagika kutoka kooni mwake.

Angekwenda kusema pengine angesamehewa, kwani watu wa pale walikuwa na maneno mengi kuliko ukali. Hakusema. Alimfukia nyuma ya zizi. Na kinachonichukiza zaidi ni kwamba nafasi bado alikuwa nayo. Angeweza kuupanda mti alimojiziba jike, akamlisha kupitia ule ufa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini akionekana mtini watu wangeuliza dume yuko wapi, na ekari mbili ni ekari mbili.

"Theuri, ndege yetu iko sawa?" Watiri alimuuliza Jumapili nje ya kanisa. "Bwana yake sijamwona siku hizi."

"Yuko, Mama. Anakuja mapema sana. Mimi mwenyewe namwona akileta matunda."

"Ubarikiwe, kijana wangu."

Kila jioni alipopita chini ya ule mti alisikia mdomo ukigonga kwa ndani na vifaranga wakililia chakula. Baadaye vifaranga wakanyamaza. Mdomo uliendelea kugonga, kwa udhaifu, na Theuri akaamua kupita njia nyingine. Wiki mti ulipokuwa kimya kabisa ndiyo wiki Ngendo alipoanza kutafuna udongo.

Dirisha lilipokwisha, Ngendo alihamia kwenye nyufa za ukuta. Chumba kikaanza kunuka matunda yaliyooza na kinyesi cha ndege, ingawa kilifagiliwa kila siku. Kisha jioni moja Theuri alirudi na mzigo wa nyasi, akakuta mlango wa chumba umezibwa kwa tope bichi kuanzia juu hadi chini, na katikati pamebaki ufa wa upana wa vidole viwili.

"Ngendo! Fungua!"

"Niko na njaa," sauti ya mkewe ilijibu kwa kunong'ona.

"Unafanya nini huko ndani?"

"Si mimi. Iko mtu hapa nyuma yangu, Theuri. Usipige kelele. Ukipiga kelele ananibana tumbo. Leta tu matunda."

Alichukua shoka. Pigo la kwanza tu, Ngendo akapiga yowe la mtu aliyekatwa, na pale shoka lilipochana tope ikaanza kutoka damu. Theuri akalitupa shoka akakimbilia mapera.

Tangu hapo akawa mtu wa kutafuta matunda, asubuhi mapera, mchana ndizi, jioni chochote kilichoiva kwenye ua wa jirani, akivipitisha ufani kipande kwa kipande, na kila alipopitisha, vidole vya baridi vilivipokea upande wa pili, vikarudisha vitu ambavyo hakuviomba, kwanza mafungu ya nywele za Ngendo, nywele ndefu alizokuwa akisuka kila Jumamosi, kisha nyusi zake, kisha kucha, moja baada ya nyingine, safi, kana kwamba mtu aliyekuwa humo ndani alikuwa akichambuliwa taratibu na mwenye subira nyingi. Majirani walipouliza, aliwaambia Ngendo ameamriwa na nesi apumzike.

Alipochoka kudanganya alishuka mjini, mtaa wa Majengo, akapiga hodi kwa Mama Zaituni. Mama huyu alizaliwa akiitwa Wamucii, akaolewa na Mwislamu, akasilimu, na kwa kutoa majini alijulikana hadi Meru. Wakristo walimwendea kwa kujificha, na Theuri naye alijificha. Mama Zaituni alimsikiliza hadi mwisho, akachukua chetezo na ubani wake, wakapanda pamoja.

Alifukiza moshi ufani, akasoma aliyoyasoma. Mabati ya nyumba yakaanza kutetemeka bila upepo.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mwenye ule mti." Sauti ilikuwa ya mwanamume, na ilitoka kila pembe ya nyumba. "Nilikuwa hapa kabla hamjaja na kamba zenu za kupima."

"Huyu mama amekukosea nini?"

"Mgeni wangu amekufa njaa ndani ya nyumba yangu, na watoto wake, na mlinzi akipita chini akisikia. Nataka mlinzi amtaje aliyerusha jiwe, mbele ya watu, kabla ya jua kuzama. Atakayetajwa atanijibu mimi. Wengine nitawaachilia."

Mama Zaituni akamvuta Theuri nje. "Ni wewe, si ndio?" alinong'ona. "Basi enda useme. Atakuchapa, na hiyo kamati itachukua shamba. Lakini utakuwa na bibi na mtoto. Si hiyo inatosha?"

"Inatosha, Mama."

Nadhani alipoitamka aliamini. Aliita watu, wakaja wakajaa uani kwenye ukungu, Watiri mbele na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Theuri akasimama mlangoni. Kutoka pale aliona viazi vyake vimetoa maua, aliona kaburi la baba yake, aliona ua alioupanda kwa mikono yake, na akakumbuka utotoni, wakihama chumba kimoja cha kupanga hadi kingine, baba yake akiwa na godoro kichwani. Watu wakamngoja. Jua lilikuwa linashuka.

"Dume ameuawa," akasema. Watu wakaguna. "Ni Ngendo."

Mama Zaituni akafumba macho.

"Alikuwa hapati usingizi," Theuri akaendelea, na maneno yakaanza kumjia kwa urahisi. "Mimba ilikuwa inamsumbua. Akarusha jiwe. Mimi nilimficha tu, kwa sababu ni bibi yangu."

Watiri alipangusa machozi. "Ooi, mtoto wa watu. Sharti ni ya mlinzi, si ya mama mjamzito. Shamba ni yako, Theuri. Hakuna mtu atakutoa."

Ndani ya nyumba sauti ya Ngendo, yake mwenyewe kabisa, ikaita mara moja tu, "Theuri?"

Halafu kukawa na kishindo cha mabawa makubwa yakipiga kuta, na juu ya kishindo hicho kilio cha mwanamke anayezaa peke yake, kilio kilichopanda na kupanda mpaka wanawake uani wakaziba masikio na wanaume wakarudi nyuma hadi kwenye ua wa shamba, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuingia isipokuwa Mama Zaituni, ambaye aliukuta ufa umepanuka na mikono miwili isiyo na kucha ikisukuma nje mtoto mchanga aliyepakwa tope, akampokea, na hapohapo ufa ukajifunga.

"Mfukuze!" Theuri alimlilia. "Mwambie amtoe Ngendo!"

"Nimfukuze wapi?" Mama Zaituni alimwekea mtoto mikononi, akamwaga makaa ya chetezo. "Yeye hakumchukua. Wewe umempa."

Wanaume walipobomoa lile tope halikutoa damu tena, lilipukutika tu. Ndani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kokwa za matunda, nywele kitandani, na dirisha bado limezibwa.

Kamati ilitimiza neno lake, na Theuri akabaki na shamba. Mtoto, msichana, alikataa maziwa ya ng'ombe, akakataa matiti ya akina mama waliojitolea. Alikubali kitu kimoja tu, matunda yaliyotafunwa na baba yake, tena akilishwa mdomo kwa mdomo, mchana na usiku. Akipelekwa nje ya ua aligeuka rangi ya majivu, kwa hiyo Theuri hakuweza kutoka kwenye zile ekari mbili hata kwenda kanisani. Alitafuna mpaka ufizi ukachanika, akatafuna na damu yake. Watiri akileta wageni kutazama msitu alimwonyesha kwa fahari, akisema hajawahi kuona baba mwenye upendo namna ile.

Asubuhi moja ya baridi, meno yake mawili yakiwa tayari yameng'oka, Theuri alimlisha mtoto ndizi ya mwisho iliyokuwa nyumbani. Akamlaza, akamfunika, na kwa uchovu akamuuliza vile mzazi yeyote huuliza bila kungoja jibu.

"Umeshiba?"

Mtoto, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, alimtazama.

"Bado," akasema kwa sauti ya Ngendo, akafungua mdomo.