Kichwa cha Haroun

Kila Jumamosi, baada ya kuswali alasiri, Khatib alitoka na mpira uani kwake, mtaa wa Saltley, ughaibuni. Alimrushia mwanawe Haroun, naye Haroun aliupiga kwa kichwa. Dap! Tena. Dap! Haroun alikuwa beki wa timu ya chuo, na mipira ya juu yote ilikuwa yake. Khatib mwenyewe hakuwahi kucheza mpira wa maana. Lakini kichwa cha mwanawe alikisifu mpaka msikitini.

Jumatano moja uwanjani, Haroun aligongana kichwa na mchezaji mwenzake. Alianguka, akainuka, akamaliza mechi. Nyumbani mama yake, Asmahan, alimpapasa kichwa chote kwa samli.

"Hakuna nundu," alisema.

"Basi hakuna kitu," alisema Khatib. "Ingekuwapo nundu, tungeikanda."

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa mapenzi.

Siku iliyofuata kichwa kilimuuma Haroun. Mwanga ulimchoma macho, akafunga pazia. Alitia sukari kwenye chai, akakoroga, kisha akatia tena.

"Umempenda nani huko chuoni?" Asmahan alimtania.

Haroun akamfokea. Kabla ya hapo hakuwahi kumfokea mama yake hata siku moja.

Jumamosi ilipofika, Khatib alitoka na mpira kama kawaida. Fainali ilikuwa Jumatano iliyofuata. Alirusha. Haroun aliruka, akaukosa, akashika ukuta asianguke. Jirani yao Edah, nesi kutoka Kenya, alikuwa akianika nguo ng'ambo ya ua.

"Baba Haroun! Shika hiyo mpira kwanza!"

Aliwauliza yaliyotokea, nao wakamweleza yote.

"Huo unaweza kuwa mtikisiko wa ubongo," alisema Edah. "Ubongo ni laini. Kichwa kikigongwa, unatikisika huko ndani."

"Lakini hakuzimia," alisema Khatib. "Wala hana nundu."

"Si lazima azimie. Na nundu si kipimo. Pigeni 111, simu ya ushauri wa afya, sasa hivi, apimwe leo. Akianza kutapika, au maumivu yakizidi, au asinzie mpaka kuamka iwe shida, au apate degedege, mpigie 999, simu ya dharura, mara moja."

"Niko fine, Auntie," alisema Haroun. "Jumatano ni fainali."

"Ukigongwa tena kabla hujapona, hiyo ndiyo hatari kubwa, mwanangu."

Khatib aliutazama mpira mikononi. "Na hii mipira ya kichwa ya kila wiki?"

Edah alishusha sauti. "Hata mapigo madogo, yakirudiwa miaka mingi, yanaweza kudhuru ubongo. Ipunguzeni."

Khatib aliona aibu, na aliogopa. Mipira yote ile aliirusha yeye.

Walipiga simu, na siku hiyo hiyo daktari alithibitisha ni mtikisiko wa ubongo. Apumzike kwanza, kisha arudi kwenye masomo na mazoezi mepesi taratibu. Mechi asicheze kabla ya wiki tatu, na hata baada ya hapo awe amepona kabisa.

Njiani kurudi nyumbani Haroun alimshika baba yake mkono. "Baba, usimwambie kocha. Please."

Khatib aliitaka fainali ile kuliko mtu yeyote Saltley. Akatoa simu.

"Mwanangu, kocha ana mabeki wengine. Mimi nina Haroun mmoja."

Siku ya fainali walikaa pamoja pembeni ya uwanja. Timu ilifungwa bao moja, tena la kichwa. Haroun alilia. Khatib alimvika koti lake, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Wiki zikapita, Haroun akapona, na daktari akamruhusu kucheza. Jumamosi Asmahan hakusikia dap uani. Alisikia kicheko, akachungulia. Mpira ulikuwa ukibingirika chini, ukapita katikati ya miguu ya Khatib.

"Tobo, Baba! Tobo tena!"

"Nimekuachia!" alisema Khatib, huku akihema.

Walipoingia ndani kunywa chai, Asmahan alimwangalia Haroun akitia sukari. Alitia mara moja, akakoroga, akanywa.

"Alhamdulillahi," alisema Asmahan, akaketi karibu naye.