Chambo Alichopokea Renatus

Jioni ile tulifuata ndoano tu. Mimi na mdogo wangu Renatus tulishuka kutoka Kigera kwa miguu mpaka mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, nyuma ya yale mawe makubwa, kwa sababu tuliambiwa kuna mtu anauza vyambo vya bati. Mwaka ule rafu za maduka ya Musoma zilikuwa zinakaa tupu. Mwenye ndoano aliificha, asije akaitwa mhujumu uchumi na kukamatwa. Renatus alikuwaga anavua sangara kwa spoku ya baiskeli aliyoikunja mwenyewe, na sangara wakawa wanainyoosha na kwenda zao. Kwa shida ile, mtu mzima ungemvua kwa kipande cha sabuni.

Muuzaji tulimkuta amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, shuka imemfunika mpaka kichwani. Uso sikuuona. Alinuka tope la chini kabisa, lile linalopanda na nanga.

"Karibuni," akasema taratibu. "Chagueni."

Vyambo vilikuwa juu ya gunia. Kimoja kilikatwa kwenye kijiko, kikasuguliwa mpaka kikang'aa. Kingine kilifungwa singa za mkia wa ng'ombe. Cha tatu kilifungwa nywele nyeusi, laini, zimesukwa.

Nywele za mtu. Mimi nasuka watu, nazijua.

"Chukua cha kijiko," nikamnong'oneza Renatus. "Mvua imechafua maji. Sangara atafuata kinachong'aa."

"Lakini hiki kina ndoano mpya, dada. Ya kiwandani."

Muuzaji akakiokota kile cha nywele, akanyoosha mkono.

"Shika."

Kwetu ndoano haipokelewi mkononi. Anayekupa anaiweka chini, wewe unaiokota. Ukiipokea mkononi, wazee walisema, umemfanya yeye mvuvi na wewe samaki.

"Weka chini," nikamwambia.

"Chini pana maji. Itashika kutu."

"Weka chini, baba."

Renatus akacheka. "Dada na mambo yako ya bibi. Utatukosesha." Akapokea.

Vyura wakanyamaza...

Alipoinua macho kuuliza bei, jiwe lilikuwa tupu. Gunia halipo. Wala hatukusikia mtu akitumbukia.

"Twende," nikasema.

Tulikuwa hatujafika hata kwenye mchanga mkavu.

"Dada... mdomo."

Pembe ya mdomo wake ilikuwa imevutwa mbele, imechongoka kama kitambaa kilichofinywa na vidole. Hakuna kilichoishika. Kiganja chake kilikuwa wazi, na chambo hakimo.

Akageuka kuelekea ziwani. Hatua moja. Akasimama. Kisha akavutwa tena.

Mvuto. Kimya. Mvuto. Kimya...

Nikaujua mkono ule. Ndivyo sangara mkubwa anavyochoshwa: unavuta, unamlegezea, unavuta.

Nikamkamata mkanda wa suruali. Tukaingia wote, maji ya magoti, maji ya kiuno. Hakuweza kupiga kelele, alikuwa ananitazama tu. Mbele yetu hapakuwa na mtumbwi, hapakuwa na mtu.

Nilikuwa nimetoka kupara samaki, kisu kimo kwenye pindo la khanga. Nikakata mbele ya mdomo wake. Hewa tupu. Nikakata tena, na kisu kikakwama kwenye kitu kilichokazwa, nisichokiona. Nikakandamiza.

Ting.

Tukaanguka chali majini. Na mbali kule gizani, mtu akaguna, kwa masikitiko kidogo tu, kama mvuvi aliyekosa.

"Mh."

Renatus yuko hai. Daktari aliona tundu dogo ndani ya mdomo, akasema ni jino. Padri akasema ni hofu. Wazee, kila mmoja na jini lake. Mimi nilimhamishia Butiama, alime mihogo mbali na maji, na hajabisha.

Lakini mshipi niliukata. Ndoano sikuitoa. Na jioni nyingine, akiwa anakula, pembe ya mdomo inasogea upande wa ziwa. Kidogo sana. Taratibu. Kama kuna mtu anapima aone kama bado yupo.