Plasta ya Chiriku

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaenda kufagia maranda kwenye karakana ya baba yake, fundi seremala. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi alifagia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu tangu alipoanguka akiruka mtaro, mfupa wa kifundo ukapata ufa. Daktari alisema wiki sita. Tatu zilikuwa zimekwisha, na Jumamosi timu yake ya netiboli ilikuwa na fainali.

"Baba, ukiunga mguu wa kiti, unaubana siku ngapi?"

"Usiku mmoja tu. Asubuhi gundi imeshika."

Chiriku akapiga hesabu zake. Ikiwa mbao hushika kwa usiku mmoja, mfupa wa wiki tatu, tena usiouma hata kidogo, unangoja nini?

Kesho yake, baba alipokwenda kupeleka meza ya mteja, Chiriku alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji mpaka plasta ikalainika. Akaibandua kipande kwa kipande, akavificha vipande ndani ya gunia la maranda. Kisha akachukua mpira na kuurusha ukutani. Ulipomrudia akaudaka, na maumivu yakampanda hadi begani.

Baba aliporudi alimkuta amekaa juu ya mbao, mkono kaufunika kwa sweta.

"Chiriku amenyamaza," baba alisema. "Basi kuna jambo. Plasta iko wapi?"

Mchana mvua ilikuwa imenyesha. Kusema imelowa mvua kungekuwa rahisi, na uongo huo ulishamfika kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Niliitoa mwenyewe, baba. Nilitaka kucheza Jumamosi."

Baba alifunga karakana, wakaenda hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa haujasogea. Chiriku akamweleza daktari hesabu zake za mbao na gundi.

"Una bahati," daktari alimwambia. "Mbao imekufa, ila mfupa uko hai, na unajiunga wenyewe. Kwanza hujenga kiungo laini penye ufa, kisha hukikomaza polepole. Maumivu huondoka mapema, kabla kazi haijaisha."

Akafungwa plasta nyingine ya wiki nne. Jumamosi Chiriku alishangilia kutoka pembeni ya uwanja mpaka sauti ikamkauka. Timu yake ilishindwa kwa bao moja. Aliumia moyoni, na hakuwa na wa kumlaumu.

Wiki nne zilipotimia, plasta ilifunguliwa. Mkono ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa umepona. Daktari alimpa mazoezi ya vidole na kumkataza kucheza mpira kwa muda. Safari hii Chiriku aliuliza tarehe ya kurudi uwanjani, akaiandika kwenye daftari.

Njiani baba alimwambia, "Kosa lako lilikuwa haraka, mwanangu, na umelilipia kwa fainali yako. Lakini ungesingizia mvua ya siku ile, ningedhani plasta imelowa tu, nikakungojesha nyumbani mpaka Jumatatu, na mfupa ungepinda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukuficha, ndiyo maana leo mkono wako umenyooka."