Sema Panapobana

Kwenye karakana ya miguu bandia walimwita Nzuri Tu. Jina alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza habari, nzuri tu. Umelalaje? Vizuri tu. Hata akijigonga kidole kwa nyundo alijibu hivyo hivyo, machozi yakimlengalenga.

Alikuwa ugenini kwa mafunzo ya kazi ya miezi sita. Wenyeji wake walikuwa mke na mume, watu wema wasio na neno. Ila walitoka alfajiri, wakarudi yeye ameshalala. Chakula kilimngoja kwenye friji. Alikula peke yake. Friji likinguruma, aliliitikia, "Ahsante, nimeshiba."

Kwao walikuwa wanane mezani. Mdogo wake alimwibia nyama huku akimtazama usoni. Sasa nyama ilibaki, mwizi hayupo.

Kila wiki mratibu wa mafunzo alimpigia simu. "Unaendeleaje hapo nyumbani?"

"Vizuri tu."

Alidhani akilalamika atarudishwa kwao bila cheti.

Siku moja babu mmoja alirudi karakana na kidonda. Mguu bandia ulikuwa umemchubua. Fundi mkuu, mama wa makamo, aliguna.

"Babu, si nilikuuliza kama unabana?"

"Nilisema haubani, mwanangu. Niliona haya kukusumbua."

"Haya zako hizo! Ungesema, ingekuwa kazi ya dakika kumi. Sasa utakaa wiki mbili bila kuuvaa, kidonda kipone."

Babu alipoondoka, fundi alimgeukia mwanafunzi wake. "Na wewe, wapi panabana?"

"Nzuri..."

"Koma! Nimekuuliza wapi."

Nzuri Tu akaweka chini tupa ya kusugulia. Akalia, akasema yote.

"Kumbe ndiyo hayo?" fundi akasema. "Kubadilisha familia ya kukaa nayo si kosa, na cheti hupokonywi. Mratibu yupo kwa kazi hiyo. Mwambie leo. Mweleze hali ilivyo, usiwaseme watu. Usihame mpaka akutafutie nyumba aliyoikagua. Na wenyeji wako uwaage vizuri."

"Hawataudhika?"

"Mguu ukikubana si mguu mbaya, binti. Haujakutosha tu."

Alipiga simu siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili alihama. Mama mwenyeji alimkumbatia mlangoni. "Tulidhani unapenda utulivu," alisema. "Ungetuambia, mwanangu."

Nyumba mpya ilikuwa na bibi mmoja na wajukuu watatu. Mlo wa kwanza tu, kimkono kidogo kikanyakua nyama yake. Bibi akafoka. Nzuri Tu alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwache, bibi. Huyo mwizi nimemtafuta sana."

Jioni mama yake alipiga simu. "Habari za huko, mwanangu?"

Alitaka kusema nzuri. Akajizuia. "Nimekukumbuka, mama. Nimekukumbuka sana."

Mama naye akakiri. "Na mimi kila siku nakwambia salama, kumbe nakudanganya. Mpaka leo bado nakupakulia sahani yako."

"Nani anaila?"

"Mdogo wako. Ila nyama haigusi."